Fundi Sabra na Injini ya Moto

Siku Alois alipomwona Fundi Sabra kwa mara ya kwanza, alikuwa ameshuka Morogoro mjini kununua injini iliyotumika, ya mashine ya kusaga. Kijijini kwao Uluguru wanawake walikuwa wakibeba mahindi kichwani mpaka bondeni kwenda kusaga. Sabra, ambaye Alois alimweleza hayo na kumwomba amkagulie injini bandani kwa muuzaji, aliweka kiganja juu ya chuma chake.

"Mbona ya moto?"

"Jua hilo, dada," muuzaji alijibu.

"Jua la ndani ya banda? Umeiwasha mapema ili isitusumbue kuwaka. Tunangoja ipoe."

Alois aliona haya, akatamani alipe tu waondoke. Sabra akaketi. Ilipopoa, injini ikagoma kabisa. Wakajaribu nyingine iliyokuwa baridi; ikawaka mara moja, bila moshi.

"Chukua hii, kaka," Sabra alimwambia. "Akina mama wapumzishe shingo."