Mama Neema Anangoja Kwenye Robot

Sinywi pombe, na macho yangu yanaona vizuri kuliko ya vijana wengi. Naanza hivyo kwa sababu najua mtacheka. Lakini yamenipata mimi mwenyewe, hapa Durban, Berea, ninapochunga magari mbele ya duka.

Kwanza mjue hili. Kwetu ni bonde la Ruzizi, Kongo, mpakani. Vita havikuanza kwa bunduki. Malori ya askari yalipanda milimani asubuhi, jioni yakashuka. Askari wengine wakachimba mahandaki katika mihogo yetu. Majirani wakanijia mimi, kwa kuwa nilisoma sekondari na nilisikiliza redio ya Kifaransa. Nikawaambia, "Ni mazoezi tu." Mke wangu hakuamini, alikuwa ameshafunga mzigo. Nikamwambia, "Usihame mpaka niseme mimi." Kisha nikavuka mto kuuza sabuni, na nyuma yangu mpaka ukafungwa.

Binti yetu Neema alinikuta baadaye katika kambi ya wakimbizi, Kigoma. "Mimi na majirani tulikimbia, baba. Mama alikataa. Alisema wewe hujasema." Mabomu yalimkuta mlangoni.

Sasa, jioni moja, watu wakirudi kutoka kazini, nilimwona mwanamke mwenye mzigo kichwani amesimama kwenye robot, ndivyo tunavyoita hapa taa za barabarani. Kijani ikawaka, wote wakavuka; yeye hakuvuka. Kitenge kilichofunga mzigo ule nilikinunua mimi. Ungekuwa wewe, ungekimbia? Mimi nilimwendea.

"Baba Neema," akasema bila salamu, kama mtu aliyechoka kuuliza. "Basoda bameshavuka mto. Tuhame?"

Basoda, ndivyo tunavyoita askari kwetu. Alihitaji neno moja tu, nami nililijua. Lakini ningelisema, angeondoka. Nguo zake zilinuka moshi wa kuni za kwetu. Niaminini, nilitaka abaki.

"Ngoja kidogo, Mama Neema."

"Eish, mzee!" akapaza sauti Juma, Mtanzania ninayechunga naye. "Leo unatongoza nguzo?" Alicheka mpaka alipofika karibu, akaona nyayo mbili za matope meusi kwenye lami kavu. Tangu siku ile hasimami upande huo.

Mke wangu anarudi kila jioni. Anauliza, namwambia angoje. Mzigo umeanza kumwinamisha shingo.

Ndugu msomaji, mtu wako akikuomba ruhusa ya kwenda, mpe siku hiyo hiyo. Mimi leo nimepiga shati pasi kwa ajili yake, na najua nitamjibu lile lile la kila jioni.