Casimira Aacha Jiko la Wakili

Mama yangu mdogo, Casimira Tepas, alimpikia Wakili Leocadio Marenco miaka kumi na tisa, na mpaka anakufa hakutaka jina hilo litajwe watu wakiwa wanakula. Nilipokuwa mdogo nililitaja kwa makusudi, nimwone akikunja uso na kusukuma sahani. Siku hizi nikilisikia, hata mimi chakula hakipiti.

Aliajiriwa akiwa na miaka kumi na sita, wakati Marenco alikuwa wakili kijana mwenye koti moja na viatu vilivyotoboka soli. Mwaka ule tajiri mmoja wa nili, ile rangi ya buluu ya kutia nguo, aliwashtaki watu wa Zapotán, akidai mashamba ya kijiji ni yake. Mawakili wengine waliikwepa kesi, Marenco akaichukua. Alisimama mahakamani siku nne, akasoma hati za enzi za mfalme wa Uhispania mpaka sauti ikamkauka, akashinda. Tangu hapo, kila Desemba, kijiji kilimtuma Hilario Musto atembee siku mbili na bata mzinga mgongoni.

"Ananinyea tangu jana, Nana Casimira," alikuwa akisema mlangoni pa jiko. "Nadhani ameshajua anakokwenda."

"Nawe unanuka kama umelala naye."

"Nimelala naye. Ana joto kuliko mke wangu."

Kesi ile ndiyo iliyompandisha Marenco. Akawa mbunge, kisha waziri, mwisho mkuu wa nchi. Akihutubia aliitaja Zapotán na kulia, na Casimira, aliyekuwa akienda kumsikiliza, akarudi jikoni naye analia. "Nilikuwa mjinga," aliniambia. "Nilimpigia pasi vitambaa vya kufutia machozi yale."

Desemba ya mwisho Hilario alifika kama kawaida. Casimira akampika bata kwa mchuzi wa mbegu za maboga, ufuta, pilipili kavu na kakao. Wageni walikuwa wenye mashamba ya kahawa watatu, naye alisimama nyuma yao na bakuli la mchuzi.

"Nyama laini hii," akasema mmoja wao, Don Wenceslao Barrientos. "Unainunua wapi?"

"Sinunui. Zawadi ya watu wa Zapotán."

Barrientos akaacha kutafuna. "Hao hao? Hawajaambiwa?"

"Sheria nimeitia sahihi jana, itasomwa Jumatatu." Marenco alikuwa akinyonya mfupa. "Ardhi ya vijiji ndiyo basi tena. Mtapanda kahawa mpaka mchoke. Lakini leo bado Alhamisi. Casimira, mchuzi."

Wakacheka. Mafuta yalikuwa yakimtiririka kidevuni. Casimira akammiminia mchuzi, na hakumwaga hata tone. Hilo ndilo lililomuuma kupita yote.

Baada ya chakula Marenco akaenda jikoni. Hilario alikuwa ameketi karibu na jiwe la kusagia, anakula maharage. Bwana mkubwa akamkumbatia.

"Hawajambo nyumbani? Mahindi yamekubali?"

"Yamekubali, Tata Wakili. Wanakuombea kwa Mungu."

"Waambie nami nawaombea." Akampapasa shavu kwa vidole vilivyonuka mchuzi, akarudi kwa wageni wake.

Casimira akatapika kwenye mtaro wa nyuma. Alikuwa ameionja shingo ya bata yule. Aliporudi akamwambia Hilario, "Wanawanyang'anya mashamba yenu. Amesema mwenyewe mezani, sasa hivi."

Hilario akamtazama. "Mmegombana?"

"Hatujagombana."

"Basi amekunyima mshahara. Nana, huyu mtu alikauka koo kwa ajili yetu wakati wewe hujui hata kuchemsha yai. Usimseme nyumbani kwake." Akachukua kamba yake, akaondoka bila kuaga.

Kabla jua halijatua Casimira naye akaondoka. Marenco akadhani anataka nyongeza, akamtumia shali ya hariri. Casimira akaifanya kitambaa cha kuepulia chungu cha uji wa mahindi aliokuwa ameanza kuuza sokoni.

Februari wapima ardhi waliingia Zapotán na minyororo yao ya kupimia. Msimu wa kahawa ulipofika, watu walikuwa vibarua kwenye mashamba ya babu zao. Siku moja Hilario akatokea sokoni, amekonda, akasimama mbele ya chungu. Casimira akamchotea uji.

"Nilikuita mwongo," akasema Hilario.

"Hukuniita mwongo. Ulisema nimenyimwa mshahara. Kunywa, unapoa."

Marenco alikufia kitandani kwake, mzee aliyeshiba. Msafara wa mazishi ulipita pale sokoni, na msemaji mmoja akapanda kwenye ngazi za kanisa kusifu kesi ya Zapotán, kama vile hakuna kilichofuata baadaye. Wanawake walikuwa wakifanya ishara ya msalaba. Mama mdogo akatema mate chini, mbele ya askari. Walimfungia siku mbili kwenye chumba chenye maji sakafuni. Alitoka na kikohozi kibaya, na kesho yake alfajiri akawasha moto, akaanza kukoroga uji.