Kamera Iliyonyamazishwa

Nzomo amepiga picha za harusi hapa Machakos kwa miaka arobaini na minane, na mji huu umemsahau kabla hajafa. Anapita sokoni na hakuna anayemsalimu, hata wale ambao picha zao za ndoa bado ziko ukutani zikila vumbi. Naandika habari zake kwa kuwa hakuna mwingine atakayeziandika. Siandiki kumsifu.

Alikuwa na kamera mbili za filamu, zote za aina ile isiyo na kioo kinachoruka ndani unapobonyeza. Ukichungulia kidirisha chake unaona picha mbili zilizopishana; unazungusha lenzi mpaka zinakuwa moja, ndipo unabonyeza. Ya Kirusi ilikuwa na pazia la kitambaa, na mlio wake ulikuwa kama mtu anayeua nzi kwenye paja. Ya Kijapani ilifunguka kwa vibati vyembamba ndani ya lenzi, na mlio wake ulikuwa kama ulimi unapobanduka kwenye kaakaa. Nazijua kwa sababu mimi ni fundi wa saa, na ndimi niliyezitengeneza miaka yote. Alikuwa akija dukani na kusema, "Masila, sikiliza," kisha anazibonyeza moja baada ya nyingine karibu na sikio langu. Nilimjibu kila mara kwamba ya Kijapani inashinda. Alilijua jibu. Alipenda tu kuambiwa.

Kwa mlio ule mdogo mapadre wa zamani walimruhusu kusimama karibu na altare wakati wa kiapo. Kamera za kioo zililia "paa!", na bibi harusi aligeuka katikati ya neno. Lakini Nzomo hakutosheka na kuruhusiwa. Ni yeye aliyewashauri wazee wa kanisa wawasikilize wapiga picha kwanza, wakiwa wamewapa mgongo, na mwenye mlio mdogo ndiye aingie. Ikawa desturi ya parokia yetu: Jumamosi moja kabla ya harusi, wapiga picha wanasikilizwa ukumbini. Aliwatupa nje wenzake wengi kwa desturi hiyo, na wawili kati yao waliacha kazi. Sikumsikia akiwasikitikia.

Mwaka jana mjukuu wake Mutanu, aliyemlea tangu akiwa mchanga, alitangaza harusi ya Julai. Watu wa bwana harusi wakamleta Mbithi, mpiga picha wa kule Mavoko, mwenye kamera ya siku hizi. Sauti ya kamera hiyo inazimwa kwa kidole kama redio. Ukitaka iwe na sauti, inakuchezea mlio uliorekodiwa, ule mlio wa kamera za kina Nzomo. Wameiua kazi ya watu, kisha wanauza mlio wake.

Mwenyekiti wa kamati, Justus, dalali wa mashamba anayevaa rozari juu ya tai, alitangaza kwamba altareni atasimama mpiga picha mmoja tu, na simu zote zitazimwa.

Nzomo akaja dukani siku ileile.

"Masila, ilegeze."

"Nilegeze nini?"

"Springi. Nataka hii kamera iwe bubu kama ya yule kijana."

"Ukilegeza springi, vibati havitafunguka sawasawa."

"Vitafunguka."

"Na baridi ya Julai? Mafuta yakiwa mazito?"

"Sijakuuliza hali ya hewa. Nimekuuliza kama huo mkono wako bado uko na kazi."

Alijua pa kunichoma. Nikaifungua, nikailegeza. Nilipoinua lenzi dirishani, vibati vilifunguka pole kama jicho la mtu asiyetaka kuamka. Lakini vilifunguka. Nikamwambia ajaribu filamu moja kwanza. Alisema amebakiwa na filamu mbili, na zote ni za Mutanu.

Jumamosi ikafika. Ukumbini Mbithi aliitazama kamera ile, akacheka.

"Mzee, hiyo ni kamera ama ni kopo la ugoro?"

"Hii ndiyo ilipiga harusi ya mama yako," Nzomo akamjibu. "Alikuwa na viatu vya kuazima. Nikavificha kwenye picha."

Kamati ilicheka. Wazee wakageukia ukuta. Kimya kikakaa.

"Sasa, mtaanza lini?" Justus akauliza.

"Tumeshamaliza," Nzomo akasema.

Walirudia mara tatu. Wazee hawakusikia kitu.

"Wote bubu," Justus akaamua. "Bibi harusi achague."

Mutanu alikuwa ameketi karibu na mlango. Hakufikiri hata kidogo. "Babu," akasema.

Siku ya harusi ukungu ulikuwa umefunika vilima vya Iveti na pumzi zetu zilionekana ndani ya kanisa. Mbithi aliambiwa asubiri nje. Nzomo alisimama hatua mbili kutoka kwa Mutanu, amevaa suti ya kahawia, akibonyeza na kuvuta filamu kwa kidole gumba. Mimi, benchi la tatu, nilitega sikio langu lote na sikusikia kitu. Sijawahi kumwona na furaha kama ile, na nilimchukia kwa furaha hiyo, maana kwa baridi ile nilishuku vibati havifunguki, na nilipaswa kusimama na kumwambia aache.

Hapa Machakos hakuna tena anayesafisha filamu. Kile chumba cheusi kilichokuwapo sasa kinauza makava ya simu. Filamu zikapelekwa Nairobi, zikarudi baada ya wiki mbili, naye akaja nazo moja kwa moja dukani. Ya pili, aliyoipiga mchana jua lilipowaka, ilikuwa sawa kabisa: mashangazi, keki, magari yenye utepe. Ya kanisani ilikuwa nyeupe kama maji, kutoka mwanzo hadi mwisho; mwanga haukuingia hata mara moja.

"Ulisema," akaniambia.

"Nilisema."

"Basi ungekataa."

"Na wewe ungempelekea nani?"

Hakuna fundi mwingine aliyebaki.

Akaniomba nimsindikize kwa Mutanu. Tulimkuta mlangoni akichagua maharagwe kwenye ungo. Babu yake alimpa filamu, naye akaiinua juu, akaitazama kipande kwa kipande.

"Hata moja, babu?"

"Hata moja."

"Mbithi alikuwa pale nje amekaa bure," akasema Mutanu. "Na mimi ndiye nilisema akae nje."

Nilimweleza habari ya springi. Nilimwambia mkono uliolegeza ni wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia babu yake.

"Uliambiwa?"

"Niliambiwa," Nzomo akasema.

Mutanu akaviringisha filamu, akamrudishia, akaendelea kuchagua maharagwe. Birika lilikuwa linachemka ndani, tulilisikia wote watatu. Hakutukaribisha.