Asubuhi Moja Katika Kila Harusi

Miaka ile Kariakoo ilikuwa na wapiga picha wengi, lakini wa kuingia ndani nilikuwa peke yangu. Ndani ni kile chumba ambako bibi harusi anasingwa na kupakwa hina, na uani ambako wanawake wanacheza wakiwa wamevua baibui, mahali ambapo mwanamume hata akija na kamera ya dhahabu ataishia mlangoni. Mimi nilivua viatu nikapita. Filamu nilizisafisha kwa mkono wangu, hakuna jicho la mwanamume lililozipitia, na watu wa Gerezani, wa Magomeni, mpaka wa ng'ambo ya Kivukoni, walilijua hilo.

Kazi yenyewe niliipata kwa msiba. Baba alikuwa fundi wa chumba cha giza katika studio ya mzee mmoja wa Kihindi kule Mchafukoge. Mama alitangulia, baba akafuata kabla sijamaliza darasa la saba, na nyuma yangu kulikuwa na watatu, wa mwisho akiwa bado hapati usingizi mpaka ashike pindo la kanga ya mtu. Baada ya arobaini ndugu walikaa kikao, wakataka kutugawa: huyu Bagamoyo, huyu Mbagala, mimi kwa shangazi. Nikasema hatugawanywi. Shangazi akauliza nitawalisha nini, nikamjibu kwamba kesho nitamwambia. Kesho yake nilikwenda studio, nikamwambia yule mzee kuwa kazi ya baba naijua, kwa sababu chakula chake cha mchana nilikuwa nampelekea mimi, na nilizoea kukaa naye mle gizani. Mzee akanipa karatasi moja nisafishe picha mbele yake. Niliisafisha. Hatukugawanywa.

Baadaye mzee alipofunga virago kuwafuata wanawe Ulaya, aliniachia kamera ya macho mawili, ile unayoiinamia na kuitazama kwa juu kama mtu anayechungulia kisima. Kwa kamera hiyo niliwavisha wadogo zangu sare za shule, na kwa kamera hiyo nikafungua studio yangu ndogo na kuingia vyumba vya maharusi.

Lakini mapenzi yangu yalikuwa nje. Nilipenda mawingu yakikusanyika juu ya maghorofa ya Mchafukoge, na bonde la Jangwani baada ya mvua, maji yametulia na anga yote imo ndani yake. Filamu siku hizo zilitafutwa kwa tochi, kama sabuni na sukari. Ya mteja sikuigusa kwa mambo yangu hata mara moja. Nilipobahatika kupata yangu niliificha ndani ya pipa la mchele, na siku nikiitoa, mtaa mzima ulinishangaa. Mama aliyeuza vitumbua karibu nasi aliitazama picha yangu ya Jangwani kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole kama kuna mtu alizama pale. Siku nyingine mgambo alinikamata Kivukoni nikipiga picha mlango wa bandari, na balozi wetu wa nyumba kumi akaitwa kuja kunitoa. Alimwambia mgambo, "Huyu si jasusi, huyu ni wa maharusi. Ana ugonjwa wa mawingu tu."

Kulikuwa na shirika moja la umma lililotoa kalenda nzuri kila mwaka, zenye picha za nchi yetu. Nilipata ujasiri nikapeleka zangu. Bwana aliyehusika alizipanga mezani moja moja.

"Si wewe dada wa maharusi? Ulimpiga picha mke wangu."

Nikasema ndiye mimi. Alicheka bila ubaya, akaniambia kazi ni nzuri lakini bahari wanayo ya kutosha, na nchi hii haiishii Kivukoni. Nimletee mlima kabla ya mwisho wa mwezi, kalenda haijakwenda kupigwa chapa. Nilitoka pale nikiwa na furaha na uchungu pamoja. Mlima ningeutoa wapi? Sikuwahi kuvuka Chalinze, na nikiifunga studio kwa safari zangu, nyumbani jiko nalo lingefungwa.

Wiki ileile ikaja harusi. Familia moja ya Kariakoo ilikuwa inamwoza binti yao Lushoto. Nikaha ingefungwa hapa Dar, kisha bibi harusi angepelekwa kwa mumewe, na huko asubuhi angetolewa uani aonwe na wanawake wa upande wa mume. Walitaka picha za uani, kwa hiyo walinitaka mimi. Nilimwomba shangazi alale nyumbani na wadogo zangu, nikaichomoa filamu yangu kutoka kwenye mchele, nikaitia mfukoni mwa gauni, mbali na za mteja.

Tulikwenda kwa basi la kukodi, wanawake watupu, na ngoma nyuma. Kutoka Mombo basi lilipoanza kupanda, nilitoa kichwa dirishani na sikukirudisha. Bonde lilikuwa linadidimia chini yetu, miamba imesimama wima, na maji yanateremka katikati yake. Wenzangu wakaanza.

"Jamani, mpiga picha anatutoka."

"Mwacheni, ameona mchumba."

"Mlima nao unaolewa leo? Mbona hatukualikwa?"

Nilicheka nao, ila hesabu nilikuwa nimeshaipiga. Basi lingegeuka kurudi Dar mara baada ya shughuli. Asubuhi ya bibi harusi kutolewa ndiyo ilikuwa asubuhi yangu pekee.

Jioni, baada ya kufikia nyumba ya bwana harusi, nilimwendea kungwi, mwanamke aliyemfunda bibi harusi na ndiye aliyekuwa na amri juu ya shughuli yote. Alikuwa mwanamke mrefu wa Gerezani, mkavu, mwenye ulimi wa kukata kuni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku anachanganya hina. Nikamweleza ukweli wote: kalenda, bwana wa shirika, ukingo wa mlima pale Irente ambao wenyeji wameniambia kwamba ukisimama unaiona nyika yote chini. Ningetoka alfajiri na kurudi kabla bibi harusi hajatolewa.

"Na usiporudi?"

"Nitarudi, bibi."

"Nimekuuliza usiporudi."

Nikamwambia kwamba nisiporudi nitakuwa nimemvunjia heshima yeye kabla ya bibi harusi, maana yeye ndiye aliyewaambia wenye shughuli waniite. Alikung'uta kijiko cha hina ukingoni mwa bakuli.

"Nenda," akasema. "Ukiteleza ukavunjika mguu, jikokote. Mashine ifike."

Alfajiri nilipofika ukingoni sikuona kitu. Ukungu ulikuwa mweupe kama maziwa, mbele, chini, kila upande. Nilikaa juu ya jiwe, baridi inanipenya, nikamwazia bibi harusi anavishwa. Jua lilichomoza nyuma ya ukungu na ukungu haukujali. Wakati niliojiwekea wa kuondoka ulifika. Nilisimama, nikafunga mfuko wa kamera, nikakaa tena. Sikuwahi kumchelewesha mteja maishani, lakini nilijua kuwa nikishuka mikono mitupu nitakuwa wa maharusi tu mpaka nizeeke. Nikaendelea kukaa.

Kisha ukungu ukapasuka kuanzia chini. Ilitokea kwanza mistari ya mkonge, midogo kama nyuzi za mkeka, halafu barabara, halafu nyika yenyewe, ikaenda na kwenda mpaka ikageuka rangi ya majivu. Niliinamia kamera. Nilipiga bila haraka, kama ninavyompiga bibi harusi, nikingoja kila mara uso utulie. Filamu ilipokwisha nikateremka mbio, gauni nimelipandisha magotini.

Uani wanawake walikuwa wamejaa, na nje wanaume wanakohoa kuuliza kulikoni. Wifi mmoja wa bibi harusi aliniambia kuwa kungwi alikataa kumtoa bibi harusi kwa kuwa hina haijakoza, akaamuru miguu ifungwe upya. Hakuna aliyebisha. Nani wa kubishana na kungwi juu ya hina? Niliingia chumbani nimejaa umande na matope. Kungwi hakunitazama. Alifungua vitambaa, akatangaza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba sasa imekoza. Kisha akaninong'oneza:

"Umeupata?"

"Nimeupata."

"Basi funga mdomo, fungua mashine."

Bibi harusi, chini ya shela, alisema polepole, "Dada, huo mlima ulikuwa unasukwa nywele? Miguu yangu imekufa ganzi."

Picha za uani siku ile ni kati ya bora nilizowahi kupiga. Bibi harusi anacheka katika zote.

Ile ya Irente iliingia kwenye kalenda, mwezi wa mvua za masika. Mdogo wangu wa kiume aliiona ofisini kwa mwalimu mkuu, akasema ni ya dada yake, wakamwambia aache uongo. Nilivaa gauni langu la Idi, nikaenda shuleni na picha yenyewe mkononi.

Habari za ile asubuhi zilienea Kariakoo kwa njia zake. Sikuwahi kuwawekea watu sharti, wao wenyewe walianza. Siku moja alikuja studio mama mwenye duka la vitambaa, binti yake anaolewa Mikindani.

"Mwanangu, shughuli ni Jumamosi na Jumapili," akasema, "na Jumatatu asubuhi tumekuachia wewe. Nimewauliza wa kule. Mlima hawana, wana bahari tu na minazi. Utavumilia?"

Nikamwambia nitavumilia.