Dirisha la chini la Mama Consolata

Leo kompyuta imesema nilikosea kujenga.

Tunakarabati nyumba ya Mama Consolata hapa Niboye, niliyoijenga ujanani. Injinia wetu Diane ameichora nzima kwenye kompyuta, nayo ikataka dirisha la jikoni lipandishwe. Mafundi wangeanza kesho.

"Mzee, hili liko chini mno. Mlipima kwa kipimo gani?" Diane aliuliza.

Nilimpa kigoda cha Mama, akaketi mbele ya dirisha.

Akaliona geti lote.

Zamani Mama alimenyea ndizi pale, akingoja wanawe watoke shule. Nilipojenga, nilimketisha hapo, nikavuta uzi kutoka machoni pake hadi ukutani, ndipo nikapima.

Diane alilirudisha dirisha chini kwenye mchoro. Kompyuta ilipouliza sababu, akaandika: "Mama anakaa hapa."

Kwenu, dirisha gani lilipimwa kwa macho ya mtu?