Nilitupisha kristali za yaya Kavira juu ya correction yenye ilisha kufanywa

Bakubwa wa hapa, jambo yenu. Hii ilinipata miye mwenyewe na sitapunguza kitu, hata nikijiaibisha.

Niko Butembo, naandika mémoire ya kumaliza masomo juu ya protini moja ya maharagi.

Yaya Kavira, dada mukubwa kwetu mu kazi, assistante wa labo ya Beni, alihangaika miezi saba paka ile protini ikaganda, ikakuwa kristali. Na vile courant ya umeme inakatika huku, munaelewa.

Tulituma kristali mbili inje ya inchi. Kule banazipiga rayons X, banaturudishia données, ni kusema vipimo. Miye najenga umbo ya protini ku ordinateur, ile kompyuta, naisawanisha na zile données kidogo kidogo paka bipatane.

Sasa kristali yetu ilionyesha muzuri upande moja, upande ingine zaifu. Kuko correction, hesabu ya kutengeneza ile. Nikaifanya.

Chiffre ya kosa, namba yenye inaonyesha vile umbo na données zinaachana, ilipashwa kushuka; ikakatala.

Nikabadilisha modèle, ile umbo nilijenga. Ikakatala. Nikaanza ku zéro. Ikakatala! Wiki tatu, bakubwa, chiffre paka pale pale, na essence ya groupe ya umeme inaisha.

Nikapigia Kavira simu.

"Yaya, kristali zako ni mubaya. Anza tena."

Akauliza: "Na zenye zilibakia?"

"Tupa."

Akatupa.

Kisha siku ine, promoteur wetu, mwalimu mwenye kusimamia mémoire, akaniuliza: "Hizi données, balikutumia brutes, bila kuzigusa, ao balisha kuzi-corriger?"

Nikafungua message ya bale ba inje. Phrase ya pili: correction tulisha kufanya.

Miye nilikuwa nimerukia fichier ya données bila kusoma, nikafanya correction mara ya pili juu ya yabo! Nikatosha correction yangu, modèle ni ileile, chiffre ikashuka mu saa moja. Nilitamani kupiga ordinateur ku ukuta, mais kosa haikuwa yake.

Nikapanda moto, ile pikipiki, paka Beni. Mambo kama hii haisemwi ku simu.

Kavira alikuwa anaosha bichupa. Hakunitukana.

"Muhindo, kusoma ile message ingekukamata dakika ngapi?"

Akaweka kichupa chini, akaendelea:

"Basi andika mu mémoire yako: kristali zilikuwa muzuri. Na utie jina yangu."

Niliandika pale pale, akiangalia.

Siku hizi, mbele ya kugusa données, nauliza kwanza: mwenye kuzitayarisha alisha kuzifanya nini?

Na weye, ulisha kuharibu kazi ya mwenzako juu ya kitu haukusoma? Sema hapa chini. Mais bale ba "miye ningelijua mara moja", mupite tu.