Samaki Wenye Namba

Hakuna kilichomkera mzee Mahona wa Lusu kama ng'ombe kupotea. Ng'ombe wake wote aliwapiga chapa pajani. Basi binti yake Mwanne, mtafiti wa samaki kwenye bahari ya barafu kusini kabisa mwa dunia, alipokuja likizo akaeleza kazi yake, mzee alishindwa kunyamaza.

"Unamvua samaki, unamtia namba mgongoni, halafu unamwachia?"

"Ndiyo, baba. Msimu huu, katika samaki elfu tatu tuliowavua, wenye namba zetu walikuwa wawili tu."

"Wawili!" Mzee akasonya. "Mchungaji kama wewe ningemfukuza kabla jua halijazama."

Mwanne akacheka. "Baba, changanya ng'ombe wako na wa wilaya nzima ya Nzega. Ukienda mnadani utawaona wangapi?"

"Labda mmoja."

"Na ukiwachanganya na wa jirani tu?"

"Hapo ningewaona wengi," mzee akasema. Alikunywa mtindi wake polepole, akautazama uwanja wa zizi.

Msimu uliofuata simu ililia mzee akiwa na jirani yake Kashindye, ambaye habari za samaki wale alizijua tangu mwanzo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wangapi?"

"Katika elfu tatu, arobaini na wawili."

Kashindye aliisikia hesabu, akapiga makofi. "Hongera kwa binti! Mwaka huu wamepatikana!"

"Nyamaza, Kashindye," mzee akasema, simu ingali sikioni. "Wamepatikana kwa sababu wenzao hawapo."